Jina Tumboni mwa Mbuzi

Idi ya kuchinja, Nangomwa mchinjaji
aliniita kwa mluzi toka uani kwake.
Nikafuta masizi mikononi, nikaenda.
Juu ya jani la mgomba, kati ya utumbo wa mbuzi,
kifuko kimejikunja kama gamba la nyoka,
na juu yake, bado jekundu, bado safi,
jina langu:
KOROSHO ZA SOMOE, NEWALA. Gramu mia.

Hakusema neno. Alikisukuma kwa ncha ya kisu
kama anayenirudishia chenji.

Mwaka nilipovichapisha vile vifuko nilitembea kifua mbele.
Wino haufutiki, aliniapia mwenye mashine kule Mtwara,
na kweli haukufutika:
si kwa masika, si kwa jua,
wala kwa tumbo linalosaga hata kamba.
Upepo ulivichukua mpaka ukingoni pa Shimo la Mungu,
vikawa vinashuka polepole, vyekundu,
utadhani namwandikia Mola barua za biashara.

Nikakaa na daftari.
Cha nailoni, shilingi thelathini.
Cha kaki, mia na hamsini,
na korosho humo hulegea kabla wiki mbili hazijaisha.
Hesabu haina haya.

Basi nikaanza na ganda, maana ganda ni la bure.
Zamani niliyachoma nyuma ya nyumba,
moshi mweusi ukatua kwenye kanga za mama Atwai,
akazifua mara mbili,
na hapa kwetu maji hununuliwa kwa ndoo.
Siku hizi tunayakamua kwanza.
Mafuta yale makali, yaliyonila alama za vidole
hata mashine ya vitambulisho ikalikataa dole gumba langu,
anayachukua fundi Chinduli, anapaka miguu ya vitanda,
mchwa wanapita wakitazama kando.
Makapi ndiyo kuni za kikaango.
Moshi upo, ila mwembamba.
Sisemi umekwisha.

Kisha nikaandika ubaoni kwa chaki:
Njoo na kopo lako, nakupunguzia mia.
Wa kwanza alicheka, akaenda zake.
Wa pili alileta kopo la mafuta ya nywele,
nikamrudisha akalioshe.
Mwalimu mmoja wa Kitangari alikuja na hotipoti ya harusi yake,
akataka ijae.
Ikajaa.

Lakini duka la Mtwara limerudisha kaki zangu.
"Hazing'ai, Somoe."
Katoni nne kwa mwezi, hizo zimekwenda,
na ada ya Twalibu inasubiri mlangoni.

Vifuko mia sita vimebaki chini ya kitanda.
Sivichomi. Sivitupi. Kuviuza, mkono unakataa.
Usiku panya akipita juu yake
vinachakarika gizani, kimoja baada ya kingine,
na mimi, macho wazi,
najisikia nikiitwa.