Rangi Nne za Bilad Sayt

Kiwanda cha Rusayl kimenipa rangi nne.
Kila rangi fremu yake, kila fremu riali zake,
ya tano nijilipie, alisema Bwana Murshid
bila kuinua macho kwenye kikokotoo.

Nne. Na mimi nimetoka Wadi Bani Auf
na simu yenye picha mia mbili na kitu,
viatu vyeupe kwa vumbi,
na Bi Ghaniya kiti cha mbele, kaukamata mkanda
mikono miwili, Ayatul Kursi kila kona.

Milima ile!
Nilidhani ni kahawia. Ukiikodolea hasa
kuna zambarau ya biringani lililolala siku mbili,
kuna kijivu cha majivu ya ubani,
kuna mstari mwekundu, mwembamba, kama mtu
aliyechovya kidole kwenye wino
akapita akigusa ukuta.
Niliandika yote nyuma ya risiti ya petroli.

Bi Ghaniya, aliyezaliwa Wete,
kwenye kijani kisichoomba ruhusa,
alishuka garini, akatazama juu, akasema:
"Miaka hamsini nchi hii, na bado naona haya.
Mlima mzima uko uchi, hata leso hauna."

Chini yake, matuta ya barsimu ngazi kwa ngazi,
mengine sawa na mkeka wa watu wawili,
falaji ikipita kwa zamu,
nusu saa kwako, nusu saa kwa jirani,
na mtoto akiziba njia ya maji kwa tambara na jiwe.
Hapo ndipo nilipouona mji wa khanga yangu.
Mji ndani ya mji.

Usiku, Mabela, kiyoyozi kikikohoa,
nilianza kukata.
Zambarau ibaki.
Kijani kibaki, bila hicho ni jangwa tu,
na jangwa na ngamia wake
watalii wanauziwa Matrah kila siku.
Wekundu wa ule mstari nikautia pindoni.
Nyeupe nilitaka kuihesabu ya nne,
nikakumbuka nyeupe ni kitambaa chenyewe, hailipiwi.
Nikaipa maji.
Ya nne ikawa ya vivuli,
buluu nzito ya saa kumi na moja.

Tatizo ni marudio.
Kitambaa hutaka mchoro ujirudie,
kipande kishikane na chenzake pasionekane kiungo.
Mlima haujirudii.
Nilijaribu mara kumi na moja kuufundisha.
Kila mara ulitoka ukuta wa bafu:
vigae, vigae, vigae.

Sampuli ilikuja Jumatano, na kosa.
Fremu ya kijani ilikuwa imeteleza upana wa kidole,
kijani kikamwagika nje ya matuta, kikaingia mwambani.
Murshid aliomba radhi, watachapa upya, bure.
Nikaitandaza sakafuni, nikapanda juu ya kiti.

Yule mtoto alikuwa ametoa tambara.
Maji yamevunja zamu.

"Iache," nikamwambia kwenye simu. "Yote, hivyo hivyo."

Bi Ghaniya aliipima kwa mkono, kiwiko hadi kidole,
akaipeleka puani, akanusa rangi,
akaligeuza pindo huku na huku.
"Na jina? Khanga isiyo na jina ni bahasha tupu."

Nilikuwa nimepaacha wazi.
Nikamwambia jina alilitia mwenyewe,
kule juu, aliposhuka garini,
ila mlima ulichelewa kujibu.
Nikaandika palepale kwa kalamu ya nguo:

UCHI WANGU NDIO VAZI LAKO

Alinyamaza. Kisha bega likaanza, kisha tumbo,
akacheka mpaka akatafuta ncha ya mtandio afute macho.
"Hii siivai mbele ya mkwe."
Akaikunja mara mbili, akaikunja tena,
akaiweka mapajani, kiganja juu yake
kama mtu anayeshika nafasi kwenye foleni.

"Doti mbili," akasema.
"Moja nitampelekea Zuwena, Wete.
Aone mlima."