Sekunde Sitini

Seva yetu ilikuwa na desturi moja mbaya:
ukinyamaza sekunde sitini, inakutoa nje.
Haikuonyi, haikuulizi kulikoni.
Inafunga mlango, na ulichokuwa umekiandika nusu
kinapotea kama uji uliomwagikia jivuni.

Walioitengeneza sikuwalaumu.
Kwao, nadhani, mtandao haukatiki kwa mgomba ulioangukia waya,
na mtu aliyenyamaza dakika nzima ameshakwenda zake.
Hapa Kandete mtu aliyenyamaza dakika nzima
anaitafuta herufi ya M.

Namsema Tumpale, mwenye ng'ombe wawili,
kidole kimoja, cha shahada, kimepasuka kwa baridi ya Julai.
Anaandika: Mazi
halafu anakifuta kidole kwenye kitenge,
anautazama mlima, kama Rungwe ndiye aliyeificha herufi,
anaandika: wa
na seva inamwambia kwaheri.
Sisi kituoni, kwenye mapipa ya maziwa, hatupati kitu,
na gari la Mbeya linaondoka saa moja na nusu.

Nikaufungua msimbo, maana ni huria, hauna kufuli.
Siku tatu nikiizunguka nyumba ya watu chumba kwa chumba
hadi nikaikuta, kwenye faili la mwisho, nyuma ya mlango:
60
imeandikwa peke yake, bila maelezo,
kama bei iliyochorwa ukutani kwa mkaa
na mwenye duka aliyekwishahama.

Ningeweza kuibadili palepale.
Niandike mia sita, nifunge, nikalale.
Lakini hiyo ni kulitoa jiwe kwenye kiatu changu
na kulitia kwenye kiatu cha mwingine;
wako watu, mahali fulani, wanaoihitaji haraka hiyohiyo.
Basi nikaibandua namba ukutani, nikaiweka kwenye mipangilio,
pale mkono wa kila mwenye seva unapofika,
na chaguo-msingi nikaliacha lilivyokuwa: sitini.
Asiyegusa hatahisi kitu.
Nikaiita *subira*, nikijua jina watalikataa.

Jina wakalikataa.
Mmoja, anayejiita kwa herufi mbili tu, hv,
akauliza: na mtu akiandika sifuri?

Sikuwa nimeifikiria sifuri.
Nikaifikiria siku mbili nikimenya viazi.
Sifuri ni mlango usiofungwa kamwe,
au ni mlango usiofunguka?
Nikachagua. Nikaandika maelezo. Nikaandika majaribio,
mawili yakafeli, moja langu,
la pili lilikuwa bovu tangu kabla sijafika;
nikalitengeneza nalo, kama anayefagia
akajikuta ameshavuka uwanja wa jirani.

Kisha hv akanyamaza wiki tatu.
Nikamsubiri. Ningemfukuzaje mimi,
kwa kosa la kunyamaza?

Ikapokelewa Aprili, usiku, umeme hakuna,
nikaisoma kwa chaji ya asilimia nne.
Kwenye orodha ya mabadiliko ni mstari mmoja, wa kumi na saba,
na jina langu wameliandika Atuganle.
Lusajo, mume wangu, akasema tuidai herufi yetu.
Herufi huchelewa, nikamwambia. Labda iko njiani.

Kesho yake nikaandika kwenye seva yetu: 600.
Saa kumi na mbili na nusu, ukungu bado umelalia chai,
nikaiona alama ile ndogo: Tumpale anaandika.
Nikabandika maji. Anaandika.
Nikapima maziwa ya Asajile, yana maji,
tukabishana, akaapa kwa marehemu baba yake. Anaandika.
Maji yakachemka. Dereva akapiga honi ya kwanza.
Dakika ya saba ikafika:

*Ugonile. Maziwa leo lita mbili tu. Sifa amezaa. Jike.*

Na chini yake, tena:
Tumpale anaandika.