Somo la Saba

Miaka thelathini na mmoja nilifundisha Ruan.
Sijawahi kufika Ruan.
Ukurasa wa arobaini na mbili: familia ya Bwana Lemersie
inashuka kwenye treni saa mbili asubuhi,
ina siku moja tu,
na mama amevaa kofia.
"Rudieni," nasema, na watoto sitini wa Birere,
wanne wanne kwenye dawati, wanarudia:
kwanza kanisa kuu, kisha saa kubwa, kisha daraja,
na jasho lao linanukia makala.

Kitabu kilikwenda na lava,
pamoja na shule, kengele na choo kipya.
Somo lilibaki kichwani, na picha zake,
hata doa la chai juu ya paa la kanisa.

Juzi nikapanda meli ya usiku.
Alfajiri Bukavu ikaanza kujitokeza kipande kipande,
rasi moja, rasi nyingine,
kama mtu anayetoa vidole vya mkono chini ya shuka.
Nina tiketi ya kurudi jioni, franga elfu kumi na tano,
na viatu vilivyopakwa rangi Goma.
Kofia hakuna. Kahindo angeivaa,
angeishika kwa mkono mmoja dhidi ya upepo wa bandarini
na kuniuliza kama nimekula.

Kwanza kanisa kuu.
Kuba lake limekaa juu ya mji kama sufuria iliyofunikwa.
Ndani, mama mmoja anapiga deki akiimba pole pole,
akanitazama viatu, akanielekeza kwa kidole
sehemu iliyokwisha kukauka.
Bwana Lemersie hakuambiwa hivyo.

Kisha barabara ya nyumba za zamani:
kona zimeviringwa, varanda kama za meli,
tarehe ya ujenzi imechorwa kwenye saruji
na chini yake, kwa mkaa: HAPA HAPAUZWI.
Nani alichanganya ile saruji?
Kitabu kingesema jina la mchora ramani.
Mimi nilihesabu alama za mwiko ukutani
mpaka mlinzi akakohoa.

Kisha saa kubwa. Nikauliza. Watu wakacheka.
Kijana akanipeleka Kadutu, mlima mtupu, magoti yakilia,
kwa fundi mwenye saa arobaini ubaoni,
kila moja na wakati wake.
"Ipi ni ya kweli?"
"Ile ambayo mwenyewe atakuja kuichukua."

Nikala sambaza na bugali, nikalamba vidole.
Kisha daraja.
Ruzizi unapita chini kwa haraka zake,
wanawake wanavuka na ndoo za nyanya,
na askari ananiomba karatasi ambayo sina.
"Nataka kulitazama tu."
"Kutazama daraja?"
Akawaza. Akanipa dakika tano.

Hapo ndipo sauti ikaniita: "Metre!"
Nabintu, wa dawati la nyuma, sasa ana kijivu kwenye nywele
na beseni la sabuni kichwani.
"Metre, Ruan ni nzuri kweli?"
Nikafungua mdomo. Mto ukajibu kwa niaba yangu,
neno refu ambalo sikulielewa.
"Sijui," nikasema. "Sikufika."
Akashusha beseni. Akacheka mpaka akashika ukingo.
"Na ile fimbo yote?"

Jioni, mezani pa meli, nikatoa Biki nyekundu.
Swali la nne: familia ilifurahia nini zaidi?
Jibu la kitabu: ilifurahia mto.
Nabintu, mwaka ule, aliandika: walifurahia kurudi nyumbani.
Nilimkosesha. Nilichora mstari, nikaongeza: SOMA TENA.

Sasa taa za Idjwi zinapita upande wa kulia,
chache, za chini.
Nyumbani ni chumba kimoja juu ya jiwe jeusi, na redio.
Nikaandika jina lake nyuma ya tiketi,
nikampa alama.
Nikaifuta nusu.
Nikairudisha.