Jike Mmoja, Milimita Kumi na Tisa

Alifika Jumanne kwa basi la usiku,
chupa ndani ya sufuria, sufuria ndani ya leso,
na lebo ya penseli: mita elfu mbili mia moja na sitini,
mashariki ya Lamu, mtego wa chambo, jike mmoja.
Kijana wa mizigo alitaka kujua kama ni dawa.
Nikamwambia ni mgeni.

Sasa yuko chini ya hadubini yangu, Nairobi,
mita elfu moja na mia saba juu ya maji yake.
Sijui kiumbe mwingine aliyepandishwa hivi
akiwa tayari amekufa.

Hana macho. Nimetafuta.
Pale jicho lingekaa pana weupe tu,
kama ukuta ulioondolewa picha.
Mwili umebanwa ubavuni, wa mtu anayejipenyeza
kati ya meza mbili za Muthurwa saa kumi na moja jioni.
Jozi mbili za miguu ya kushikia, jozi tano za kwendea,
na nyuma vijiti vya kujirushia.
Mvuvi angesema: kamba.
Si kamba. Na mimi Mkamba nina wiki ya tatu hapa
nikithibitisha kwamba kamba huyu si kamba.
Nyakundi wa meza ya konokono
amecheka mpaka chai ikamwagikia lebo.

Ndugu zake walioandikwa ni kumi na wanne.
Nimewasoma wote, pamoja na yule wa Norwe
aliyechorwa na mtu mwenye haraka.
Kwenye kiganja cha pili wenzake wana nywele nne.
Huyu ana sita.
Ndiyo hiyo tu: spishi ni nywele mbili za ziada
na mtu aliyekaa kitako akazihesabu.

Kuhesabu nilifundishwa na mama, Kalondu wa Kaloleni,
ungo wa dengu magotini, redio inakoroma:
hii dengu, hii jiwe,
hii inajifanya dengu.
Miaka ya mwisho, mtoto wa jicho alipomfunga yote mawili,
aliendelea kuchambua.
Hatukuwahi kuuma jiwe.

Saa tisa stima ikapotea.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikasusa.
Nikabaki naye, mkono juu ya kisahani asije akamwagika,
mvua inapiga bati la gereji jirani,
na kwa mara ya kwanza tangu aje
mimi ndiye niliyekuwa sioni.

Taa iliporudi nilifanya nililokuwa nalikwepa.
Maelezo yanadai sehemu za mdomo,
na huwezi kuchora mdomo bila kuuvunja.
Sindano mbili, tone la gliserini,
taya la kushoto kioo chake, la kulia kioo chake.
Kisha nikainua vibamba vya kifua, na humo
mayai. Kumi na moja,
rangi ya chai iliyozidiwa maziwa.
Mawili yalikuwa na miguu tayari.

Fomu ina nafasi: *idadi ya mayai*.
Nikaandika 11.
Nikaenda dirishani.

Ada ya kazi hii hairuhusu ujipe jina lako,
ila la mtu mwingine unaweza.
Nimemwita *kalonduae*,
jina la mama lenye kipande cha Kilatini mwishoni,
kama gauni la kanisani lililoongezwa pindo.
Mhakiki mmoja wa ng'ambo ameuliza, kwa adabu,
Kalondu ni bonde lipi la bahari.
Sijamjibu bado.
Nimeanza barua mara tatu, kila mara inakuwa ndefu.

Chupa imerudi kabatini, rafu ya nne,
spiriti mpya, lebo kwa wino usiofutika.
Kizibo kinavuja kidogo.
Nimeacha maagizo: kikaguliwe kila Ijumaa,
hata nisipokuwapo.