Jani Nililoliruka

Walikuja usiku wa baridi kali, hapa Isyonje,
bila mlio, bila moto;
hakuna mbwa aliyebweka.
Asubuhi Mlima Rungwe ulikuwa umesogea kidogo,
kama kiti kilichosukumwa na mtu anayefagia.

Redio ikasema: hawa huwasha nyota
kama sisi tunavyowasha kibatari.
Mchungaji akasema tusiwapigie magoti, bado.
Mwalimu wa fizikia alilia mbele ya darasa.

Mimi nilikuwa na viazi vyangu,
bomba mgongoni, lita kumi na tano.
Nikageuza jani:
vidukari, mji mzima,
wananyonya, wanazaa, wanapishana njiani.
Hawajui bei ya dawa.
Hawajui kwamba Tusekile ameniambia
nimalize matuta ya chini kabla ya mvua.
Sikuwachukia hata kidogo.
Hilo ndilo lililonitisha.

Nikainua macho.
Mlima ukasogea tena,
safari hii kuelekea kwetu,
polepole, kwa uangalifu wa mtu mwenye kazi nyingi.

Nikavuta mpini mara mbili, nikapuliza.
Jani moja nikaliruka.
Tusekile akauliza, hilo je?
Nikamwambia limejificha.