Beba Moja

Mwalimu wangu wa darasa la nne
alikuwa na fimbo ya mkwaju na sentensi moja:
weka mbili, beba moja.
Nikabeba.
Sikuuliza nabeba nini wala napeleka wapi.
Punda haulizi gunia lina nini.
Nikaibeba hadi mtihani wa la nane,
nikaibeba hadi kidato cha nne, nikasifiwa,
nikaingia chuo cha ualimu hapa Malindi
na moja yangu kichwani, haijatuliwa.

Jumatatu, chumba kilicho nyuma ya tangi,
Bi Saumu Mwarandu akagawa viwango vipya vya hisabati,
kurasa arubaini, nakala mbili kwa watu watano.
"Cha tatu. Soma, Kadzo."
Nikasoma: mwanafunzi azidishe namba za tarakimu mbili
na aeleze kwa nini njia yake inafaa.
"Haya, ubaoni. Ishirini na tatu mara kumi na nne."
Nilimaliza kabla hajakaa.
"Hiyo moja uliyoibeba," akasema,
"ni moja ya nini?"

Nje tuktuk ilipiga honi, ikapita.
Karisa, ambaye hakosi jibu,
alikuwa anatafuta kitu ndani ya begi.
Nikasema, "Ni ile... ya juu."
Hakucheka.
Afadhali angecheka.

Usiku ule bwenini sikulala.
Nilimkumbuka mama, Gongoni, akikwangua chumvi,
magoti meupe, macho mekundu kwa mwanga,
na yale mashamba ya maji yaliyokatwa kwa matuta,
shamba hili refu, lile fupi, kijishamba pembeni.
Nikawasha tochi ya simu, nikachora:
urefu ishirini na tatu, upana kumi na nne.
Nikapitisha tuta kwenye ishirini,
nikapitisha jingine kwenye kumi.
Mia mbili. Thelathini. Themanini.
Na pale pembeni, padogo, kumi na mbili:
mbili zikae,
na kumi,
kumi nzima, jamani,
ndiyo niliyokuwa nikiiita moja.

Nilimwamsha Karisa kwa ujumbe saa nane za usiku.
Akajibu: lala.

Muhula wa pili wakanipeleka kufundisha shule ya kwetu.
Watoto hamsini na sita, madawati kumi na saba.
Sikuandika kanuni. Niliwatoa nje mchangani
na mafungu ya uzi.
"Nianze na hiki kikubwa?" Mbeyu akauliza.
"Anza unapotaka."
Neno hilo lilinitoka kwa shida;
mkono wangu wa kulia, nakiri,
ulikuwa unapapasa fimbo isiyokuwepo.
Mbeyu akachora mashamba ya chumvi bila kuambiwa,
akaonyesha pembe: "Hapa husimama mnyapara."
Akajumlisha vipande vyake vinne, akakaa, akafuta mikono.

Chengo hakukata kitu.
Alitoboa mchanga kwa kidole, safu baada ya safu,
akawa anahesabu tundu moja moja.
Nilitaka kumwambia hiyo ni njia ya kijinga.
Nikameza.

Bi Saumu, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa,
akafungua andalio langu la somo.
"Umepanga mifano mitano. Umefanya mmoja."
"Ndiyo."
Akaandika. Sikuona alichoandika,
na sikumuuliza.

Kengele. Wote wakakimbilia uji.
Chengo akabaki, midomo ikitembea,
mia tatu na tisa, mia tatu na kumi,
kisha akaja, kucha zimejaa mchanga, uso umekunjwa
kama mtu aliyepunjwa dukani.
"Mia tatu ishirini na mbili.
Sawasawa na ya Mbeyu.
Mimi nimetoboa zote, yeye kachora mistari miwili tu.
Kwa nini imekuwa sawa?"

Uji wake ulikuwa unapoa.
Wangu pia.
Nikavua viatu, nikakaa chini.