Upande wa Pili, Dakika ya Nne

Ile glasi inayovunjika ni yangu.
Weka sindano upande wa pili, hesabu dakika nne,
pale sauti inapokonda kama uzi wa kutungia shanga,
utasikia: cha!
Ndiyo, ni mimi. Jina langu halimo kwenye jalada.

Ilikuwa Februari, Cleveland, mwaka wa sabini na mbili,
ziwa limeganda hadi macho yanapochoka.
Wanaume wa kiwanda cha chuma walikuja na masizi kwenye kucha,
mashati yao meupe, pasi imepita hadi kwenye kola.
Mimi nyuma ya kaunta, mikono kwenye povu,
miaka kumi na tisa, viatu vya dada yangu, vinabana.

Lucius Pettway alikuwa ametandaza nyaya sakafuni
kama mtu anayetega ndege.
Maikrofoni moja aliifunga kwenye bomba la maji.
Akatuonya: usiku huu hakuna kukohoa.
Nani wa kuiambia Cleveland isikohoe mwezi wa pili?

Akapanda Verdella Crumpton.
Si mrefu. Gauni la kijani, kovu la moto kwenye kiwiko.
Hakusalimu. Aliitazama piano
kama mtu anayemtazama mdeni wake.

Wimbo wa kwanza aliuimba kikanisa,
wanawake wa meza ya mbele wakatafuta pochi zao, wakitaka leso.
Wa pili aliuvua nguo za Jumapili,
ukabaki na shimizi, ukacheka, ukaagiza kinywaji.
Wa tatu akaacha maneno mlangoni kama viatu
akaingia na sauti tupu:
akaimba tarumbeta, akaimba ngazi,
akaimba mtu anayepapasa funguo mfukoni, mvua inamnyeshea.
"Kwani humo ndani wamo wangapi?" akauliza Hosea Bibb,
aliyeacha vidole viwili kwenye mashine,
akapiga makofi kwa vile vilivyobaki.
Hayo pia yamo. Sikiliza: makofi yenye pengo.

Kisha ule wa taratibu.
Mama anaandika barua Alabama,
wino unakwisha kabla hajafika kwenye salamu.
Nami sikuwa nimemwandikia wangu tangu Novemba.
Sijui mkono ulifanya nini. Sabuni, labda.

Cha!

Ukumbi mzima ukanigeukia.
Bwana Tolliver akanitupia jicho
lililokata mshahara kabla mdomo haujafunguka.
Lakini yule mwanamke hakunyamaza.
Aliutafuta mlio wa glasi hewani,
akaupata, juu kidogo ya mahali piano ilipokuwa,
akaushika, akapanda nao,
Thaddeus akimkimbilia kwa vidole kumi, amepotea, anacheka,
na ile barua ikapata wino.
"Usiokote, binti, utajikata," akaniambia
humohumo ndani ya wimbo, kwa mahadhi yaleyale.
Kwenye santuri inasikika kama pumzi tu.
Wanaojua kuwa ni maneno, nadhani nimebaki peke yangu.

Aliyeandika maelezo nyuma ya jalada
anasema mpiga ngoma aligonga tasa.
Sawa. Mose angefurahi, Mungu amrehemu.

Juzi mjukuu wangu kaniletea simu:
"Bibi, wameitoa upya, wameisafisha!"
Kweli safi. Hakuna kikohozi hata kimoja,
hakuna kiti kinachoburutwa, hakuna Hosea.
Dakika ya nne ikafika, ikapita kimya,
halafu Verdella akaruka juu,
peke yake, bila kusukumwa na chochote.
Wamefuta swali, wakaacha jibu.

"Bibi, mbona hapo anapaa ghafla hivyo?"
Nikamwambia ni kipaji.
Nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikasimama.

Senti arobaini walinikata, kwa ile glasi.